Mto Nzoia, Mguu Wangu na Lango Lililofungwa

Kabla sijaandika lolote kuhusu ugonjwa wangu, nataka msomaji ajue kwamba nimeugawa ushahidi wangu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale niliyoyaona kwa macho yangu na kuyahisi kwa mwili wangu, ingawa nusu ya mwili huo ilikuwa imekoma kuhisi. Fungu la pili ni yale niliyoambiwa. Nitakapotumia fungu la pili nitamtaja aliyeniambia, ili lawama imfikie mwenyewe. Nilikuwa mkaguzi wa shule kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Mwalimu mkuu aliponieleza kwamba choo cha wasichana kimejengwa, sikuandika kwamba kimejengwa. Nilisimama nikaomba kupelekwa nikione. Walimu wengi hawakunipenda kwa tabia hiyo, na leo, nikikumbuka yaliyonipata, naona ningeizidisha.

Niliyoyaona asubuhi ya kwanza ni machache. Shamba letu liko nje ya Kitale, upande wa kuelekea Kachibora, na ulikuwa msimu wa kupanda mahindi. Nilikuwa barazani nikifunga kifungo cha mkono wa shati. Kidole gumba cha kushoto kikakataa kushika. Nikakitazama kile kifungo kwa hasira, kama mtu anayemtazama mwanafunzi mkaidi. Hapo ushahidi wangu unakoma. Mke wangu, Mama Wanjala, anasema nilianguka juu ya gunia la mbolea na nikamwita mama yangu, ambaye alifariki zamani. Sikujisikia nikimwita. Siwezi kulithibitisha, na sitaki linukuliwe.

Nilipozinduka nilikuwa wodini Kitale, nikitazama dari. Upande wangu wa kushoto haukuwepo. Niliona mkono juu ya blanketi nikadhani mgonjwa wa jirani ameurusha kitandani mwangu; nikataka kumwambia auondoe, ulimi ukageuka gogo. Mkono ulikuwa wangu. Mdomo ulikuwa umeteremka upande mmoja na mate yalinitoka bila ruhusa. Wewe unayesoma haya ukiwa katika hali hiyo, nakuambia jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia: aibu hupungua kabla ya ugonjwa kupungua. Ingoje.

Wageni walikuja. Walisimama kando ya kitanda wakanijadili kana kwamba mimi ni ng'ombe mnadani. Daktari alikuwa ametamka neno moja, kiharusi, na kulieleza vizuri kwa lugha nyepesi, lakini neno la daktari halikumtosha yeyote. Mmoja alitaja jirani tuliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba. Mwingine alitaja ndoto aliyoota dada yake. Nililala pale nikiwasikiliza, nisiweze hata kuuliza: uliiona wapi?

Mdogo wangu Barasa ndiye aliyenitoa hospitali. Nitakuwa mkali kwake katika maandishi haya, kwa hiyo haki inanidai niseme kwanza niliyomwona akitenda. Alikuja na pikapu yake kutoka Bungoma, akatandika godoro nyuma, akapanda mwenyewe kunishikilia kichwa, na akamwacha mtu mwingine aendeshe. Kila tulipopita shimo alinifunika masikio kwa viganja vyake, kana kwamba maumivu huingilia huko. Sijasahau viganja vile.

Tulikwenda kwenye boma letu la zamani, ng'ambo ya Webuye, si mbali na mto Nzoia. Mke wangu ana nyonga mbovu na hakuweza kuniinua peke yake Kitale. Bomani alikuwapo Nasimiyu, mke wa mwanangu Wanjala. Wanjala mwenyewe alikuwa kazini mbali na alirudi nyumbani kwa nadra. Nasimiyu alikuwa kijana mwenye nguvu, anayebeba gunia la mahindi bila kuguna. Lakini kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani. Hawapeani mikono. Akipita, nampisha; nikiwa nimekaa, haji karibu na kiti changu. Ni heshima, na nimeilinda maisha yangu yote. Basi fikiria: mtu pekee bomani aliyeweza kuninyanyua alikuwa mtu pekee asiyeruhusiwa kunigusa. Kama nisingetembea tena kwa miguu yangu, ama ningeivunja heshima hiyo kila siku hadi kufa, ama ningelala pale nilipoangukia. Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani. Si suala la matembezi ya kujifurahisha.

Mara moja kila wiki Barasa alinipeleka Bungoma, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Nje ya chumba hicho kuna benchi refu, na nililijua benchi lile kuliko nilivyowahi kulijua dawati lolote. Wagonjwa hawaangaliani usoni pale, wanaangaliana miguu. Siku ya kwanza mate yalinitoka hadi kolani, na Barasa alikuwa ameenda kuegesha gari. Mama mmoja nisiyemjua, aliyekuja na mtoto mwenye mguu wa plasta, alinyoosha mkono akanifuta kwa ncha ya leso yake, bila kukatiza maneno aliyokuwa akimwambia mwanawe. Hakunitazama hata mara moja. Sijawahi kutendewa jambo la adabu zaidi.

Mtaalamu wa viungo alikuwa binti wa kutoka upande wa Mlima Elgon, jina lake Chemutai. Aliusukuma wayo wangu juu kwa kiganja, akaniambia:

"Mwalimu, hapa utakuja siku moja. Hizo zingine zote ni zako. Kwenu kuna mahali tambarare?"

Nikajibu kwa ulimi wangu mzito kwamba kuna mto.

"Mto gani?"

"Nzoia."

"Kando ya maji ni sawa, si milima milima?"

"Ni sawa."

"Basi hapo ndiyo shule yako. Asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Na unaanza na kisigino, sawa? Ukikanyaga na vidole, huu mshipa wa nyuma unajifunza kuwa mfupi. Ukishajifunza, kuusahaulisha ni kazi."

Kisha akasema jambo lililokuja kunigharimu. "Ukifika mwisho wa njia, usigeuke. Rudi kinyumenyume mpaka mahali ulianzia. Watu watakuchekelea, waache. Ukienda mbele mguu unaweza kudanganya. Kinyumenyume hauwezi."

Nikaanza. Nataka kuieleza njia ile, kwa sababu huenda wewe nawe unaitafuta ya aina yake na hujui cha kutafuta. Usitafute mandhari. Tafuta ardhi inayokusamehe. Kutoka langoni kwetu kuna mteremko mfupi hadi kwenye josho la zamani la ng'ombe. Hapo mke wangu aliweka kigoda chake akakaa, maana nyonga haikumruhusu kwenda mbele. Baada ya josho njia inapita katikati ya matete, kisha inafunguka kwenye kona ya mto ambako ardhi imelala sawa kama sakafu, nyasi fupi upande mmoja, na upande wa maji tope laini la kijivu. Mto wenyewe, ambao huko juu unateremka kwa kelele, hapo umepanuka na kwenda polepole. Ng'ambo huonekana vilima vya Webuye. Asubuhi kuna ukungu juu ya maji, na mdiria hukaa kwenye tawi lilelile akisubiri samaki. Nilimwonea wivu. Yeye alisubiri jambo alilojua litakuja.

Nilitembea na fimbo mkono wa kulia, nikiburura mguu wa kushoto kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Mwanzoni niliishia kwenye matete. Mvua ndefu zilipokatika nilifika kwenye kona. Baridi ya Julai ilipoingia nilikuwa nikiifuata kona yote hadi ukingoni mwa maji, kisha nikirudi kinyumenyume hadi nyasini, jasho likinitoka kwenye baridi ile. Nilikuwa naondoka alfajiri, kwa sababu moja tu: sikutaka kuchekwa.

Siku moja katika Julai hiyo nilihisi ubaridi wa tope chini ya kisigino cha kushoto. Chini ya kisigino, si vidoleni. Nilisimama nikainama kutazama, kwa kuwa sikuamini hisia peke yake. Alama ilikuwapo: wayo mzima, duara la kisigino likiwa limezama sawa na la mguu wa kulia. Mke wangu aliona nimesimama muda mrefu, akapaza sauti kutoka joshoni.

"Baba Wanjala! Umeumia?"

"Hapana. Kisigino kimefika chini."

"Basi kikaribishe!" akasema, akacheka hadi kigoda kikayumba.

Kwa siku kadhaa kilifika kila asubuhi. Chemutai alikipima akaridhika. "Ukiendelea hivi hivi," alisema, "nitaongeza kale kamlima uliniambia, ka nyuma ya josho." Nakumbuka nilikitazama kile kilima jioni hiyo kama kijana anayetazama chuo kikuu.

Kisha kengele zikaanza kulia barabarani.

Ulikuwa mwaka wa tohara. Kwetu Bukusu tohara huja kila baada ya kuruka mwaka mmoja, mwezi wa Agosti, na kabla yake vijana huzunguka kwa jamaa wakicheza na kugonga njuga za chuma, kuwaalika. Wekesa, mjukuu wa Barasa, alikuwa miongoni mwao. Siku yenyewe, alfajiri, kijana hupelekwa mtoni akapakwa tope mwili mzima, kisha hurudishwa nyumbani kusimama mbele ya kisu. Mahali pa tope huitwa sitosi. Sitosi ya ukoo wetu ni ile kona nilipokuwa nikitembea. Nililijua hilo, mimi mwenyewe nilipakwa tope pale. Sikuona linahusiana vipi na mguu wangu.

Jioni moja Barasa alikuja na dada yetu mkubwa Naliaka. Hawakuketi mara moja.

"Mwalimu," alianza Barasa, "watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu, bana. Huku kote."

"Nitajie mmoja."

"Si hata bibi yangu amesikia kanisani."

"Kwa nani?"

"Kwa yule mama wa posho mil, wa kusaga unga."

"Na yeye?"

Barasa akakuna shingo. "Yeye alisikia kwa Makokha. Huyu wa kuchimba mchanga."

"Basi mlete Makokha," nikasema. "Sitajibu kwa mama wa posho mil."

Nilifanya hivyo kwa uhakika wa mtu aliyezoea kushinda. Nilijua uvumi ukifuatwa hadi chanzo chake hufa, kwani nilikuwa nimeona hivyo mara nyingi katika shule nilizozikagua. Makokha akaletwa, bado ana mchanga magotini, akasimama mlangoni akiwa na kofia mkononi.

"Makokha, ulisema umeniona mtoni nikifanya uchawi?"

"Aa, Mzee! Mimi sikusema nimeona mtu. Nilisema nimeona miguu."

"Miguu ya nani?"

"Alama, Mzee. Alama ya miguu, kwa ile tope ya sitosi. Moja inavutwa vutwa. Na zote zinaenda kwa maji. Vidole vyote vinaangalia maji." Akaikunja kofia yake. "Hakuna hata moja ya kurudi. Kila asubuhi. Mtu anaingia kwa mto na hatoki. Sasa mimi ningefikiria nini? Mimi niliacha kuchimba hapo."

Nilikaribia kucheka. Fumbo lilikuwa limejifumbua mbele yangu na nilikuwa na ufunguo wake. Nikaeleza, polepole kwa sababu ya ulimi wangu, kwa mpangilio mzuri kabisa: nilikwenda majini nikitazama mbele, nilirudi kinyumenyume kwa agizo la mtaalamu, kwa hiyo alama za kwenda na za kurudi zote zilielekeza vidole mtoni. Hakuna aliyeingia majini. Nilikuwa mimi, nikifanya mazoezi.

Barasa na Naliaka walitazamana. Nilidhani ni mtazamo wa watu walioridhika.

"Amekubali," alisema Naliaka.

"Sijakubali. Nimeeleza."

"Kueleza na kukubali si ni kitu moja? Umesema na mdomo yako. Unaenda kwa sitosi ya watoto alfajiri, peke yako, na unarudi nyuma nyuma."

"Kwa sababu ya mguu!"

"Hiyo mguu ndiyo shida," alisema Barasa. Sauti yake haikuwa ya ukali. "Sikiza, ndugu yangu. Nani amesema wewe ni mchawi? Mimi sijasema. Lakini ugonjwa yako uko kwa ile tope, kila siku, na Wekesa atapakwa hiyo tope mpaka kwa macho. Wewe unakumbuka kijana wangu wa kwanza. Unakumbuka vile damu ilikataa kusimama."

Nilikumbuka. Kijana yule alipona, lakini niliiona sura ya Barasa usiku ule, na ndiyo hiyo niliyoiona tena mbele yangu.

"Mimi siwezi kungoja kuona kama ni ukweli," akasema. "Ukae ndani tu. Mpaka vijana wapone watoke."

Mke wangu akasimama kwa taabu. "Mimi nilikuwa naye! Nakaa hapo joshoni kila asubuhi!"

"Mama Wanjala," alisema Naliaka, "wewe ni bibi yake. Ungesema nini?"

Waliniondolea fimbo. Lango likafungwa kwa mnyororo, na Naliaka akahamia bomani kwetu na ufunguo shingoni, akikaa mlangoni mchana kutwa akimenya maharagwe. Pikapu iliyokuwa ikinipeleka Bungoma ikaanza kubeba viti na sufuria za sherehe. Nilipomkumbusha Barasa kuhusu siku yangu kwa Chemutai, alinijibu: "Daktari atangoja, Mwalimu. Hataenda mahali."

Nimeandika ripoti nyingi maishani na sijawahi kuandika kwa hasira kama ninayoandika nayo sasa. Iwapo ningekanusha, wangenishuku. Nilipothibitisha, wakanihukumu kwa uthibitisho wangu. Kila nilichokuwa nacho, yaani mpangilio, ushahidi, shahidi aliyeletwa na kuhojiwa, kiligeuzwa na watu wanaonipenda kuwa mnyororo wa langoni. Nasema wanaonipenda kwa makusudi. Adui angenidhuru kwa uzembe zaidi.

Mwili hauelewi kwamba umefungiwa kwa nia njema. Uani kwetu ni mteremko, na mvua za Agosti ziliufanya utelezi. Nilijaribu kutembea chumbani, kutoka kitandani hadi dirishani, nikishika ukuta. Misuli ya nyuma ya mguu ilianza kunikaza ninapolala, kama kamba inayopigwa fundo na mtu asiyeonekana. Mke wangu aliikanda kwa mafuta ya moto hadi mikono yake ikavimba.

Asubuhi moja nilitoka uani na nikaanguka ubavu. Mke wangu alikuwa amelala kwa maumivu ya nyonga. Naliaka alikuwa ameenda kwa Barasa, boma la jirani, kupika pombe ya sherehe, na ameondoka na ufunguo wake. Nasimiyu alitoka jikoni mbio, akafika hatua chache karibu nami, akasimama ghafla kama aliyegonga kioo. Mikono yake ilikuwa mbele, wazi. Nikamwona akiitazama mikono yake. Kisha akaiweka kichwani.

"Baba," alisema, akitazama pembeni kwa adabu, "nifanye nini?"

"Usinikaribie."

"Mvua inakuja, Baba."

"Naiona."

Alizunguka, akaingia ghalani, akatoka na mpini mrefu wa jembe usio na jembe. Akaunyoosha kuelekea kwangu, yeye ameshika ncha ya mbali.

"Shika hapo. Mimi nimeshika huku. Huu mti si mtu."

Nilishika. Alirudi nyuma akivuta, visigino vyake vikichimba udongo, na nikainuka: kwanza goti, kisha mguu wa kulia, kisha huo mwingine. Hatukugusana. Tangu siku hiyo, kila Naliaka alipokuwa mbali, tulizunguka uani hivyo, yeye mbele mimi nyuma, mpini kati yetu, kama watu wawili wanaobeba samani isiyokuwapo. Uani ulikuwa mfupi na mbaya. Lakini nawaambia akina mama na mabinti wanaouguza wakwe: kuna njia. Itafuteni mapema.

Siku chache kabla ya tohara Nasimiyu aliniletea chai, akaiweka mbali kwa desturi, na kando ya kikombe akaweka ufunguo. Naliaka alikuwa anaoga.

"Alfajiri nitafungua," alisema kwa sauti ya chini. "Hatutafika sitosi. Tutaishia kwa matete tu. Nani ataona?"

Nilitaka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilimuuliza: "Wekesa akitokwa na damu, watasema ni nani aliyefungua?"

Aliufunika ufunguo kwa kiganja.

"Mimi ni ndugu yao. Wewe umeolewa hapa. Watakurudisha kwenu pamoja na watoto, na mwanangu hayupo wa kukutetea."

"Lakini mguu, Baba."

"Urudishe ufunguo."

Aliurudisha. Nilikunywa chai ile ikiwa imepoa.

Alfajiri ya tohara nilisikia nyimbo zikiteremka mtoni na baadaye zikipanda. Sikuona kitu. Barasa alikuja mchana amevaa koti lake zuri, machozi ya furaha machoni, akanieleza kwamba Wekesa alisimama wima, hakupepesa jicho, na damu ilikuwa kidogo sana.

"Unaona?" aliniambia, akinishika bega. "Ulipotulia, kila kitu ikaenda sawa."

Hakuna kinachonikera kama ushahidi unaotolewa na jambo ambalo halikutokea. Mtoto hakuvuja damu. Kwa hiyo ilikuwa sahihi kunifungia. Ningemjibu nini? Kwamba vijana wengine walioshika kengele mwaka huo, ambao babu zao walitembea watakavyo, nao walipona? Ningelazimika kwenda kuwaona mmoja mmoja. Nilikuwa nimefungiwa.

Vijana walipopona na kutoka jandoni, mnyororo uliondolewa. Hakuna aliyetangaza. Niliamka nikakuta lango wazi na Naliaka ameondoka. Barasa alinipeleka Bungoma kana kwamba tulikosa siku moja. Chemutai aliusukuma wayo wangu kwa kiganja, akasukuma tena, akaweka mguu chini na kututazama wote wawili.

"Mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa na shughuli ya nyumbani," alisema Barasa.

"Shughuli." Chemutai alilirudia neno hilo. Alinigeukia akanieleza kwamba mshipa umefupika, kwamba tutaanza upya, na kwamba huenda hautarudi wote. Nilimuuliza swali lililokuwa limenikaa kifuani tangu Agosti: kama ningeendelea kutembea mtoni, kisigino kingebaki chini?

Aliugusa tena ule mshipa wa nyuma. "Siwezi kukuambia, Mwalimu. Kuna wenye wanatembea kila siku na bado kinapanda. Kuna wenye wanalala na kinabaki. Nikikuambia ndiyo, nitakuwa nakudanganya."

Nilimheshimu kwa jibu hilo, na palepale nilimchukia kwalo. Nilikuwa nimekuja kuchukua hukumu ya kumpelekea ndugu yangu, na mtu mwaminifu alininyima.

Nilirudi mtoni. Mvua fupi zikanyesha, mahindi yakavunwa, nikatembea. Nasimiyu alikuja na mpini wake hadharani, kwenye kona ileile, na Makokha alituona akatusalimu kwa mbali bila kukaribia. Ukame wa Januari ulipofika, binti yangu Nekesa, aliyeolewa huko chini ambako Nzoia unaingia ziwani, alitualika. Huko mto umeishiwa na haraka kabisa. Kuna matuta marefu ya udongo yaliyojengwa kuzuia mafuriko, na juu yake ni njia sawa, laini, inayokwenda kati ya mpunga na mafunjo hadi mahali ambapo huwezi kusema hapa ni mto na hapa ni ziwa. Sijaona mahali panapomfaa zaidi mtu anayejifunza kutembea uzeeni. Nilipanda na kushuka matuta yale kila asubuhi kwa fimbo, bila mpini na bila mkono wa mtu, hadi mke wangu alichoka kunisubiri kwa chai. Ninakwenda chooni mwenyewe. Ninaoga mwenyewe. Nasimiyu hajalazimika kunigusa. Ukiwa mgonjwa wa ugonjwa huu, usikubali kukalishwa, na ukikalishwa, zunguka uani.

Wananiambia Barasa anajuta. Aliyeniambia ni mkewe. Sijamwona akijuta, kwa hiyo siandiki kwamba anajuta. Mkewe huyo ananiambia pia kwamba kona ile imeanza kuitwa kwa jina langu. Sijalisikia likiitwa mbele yangu.

Ningependa kumalizia kwa kuandika kwamba wiki zile ndizo zilizoniibia mguu. Natamani kuliandika hilo kuliko sentensi nyingine yoyote katika kurasa hizi. Lakini sikuliona, na aliyefundishwa kuliona alikataa kulisema. Ninachoweza kukiapia ni hiki tu: siku lango lilipofungwa, kisigino changu cha kushoto kilikuwa kinagusa ardhi. Siku lilipofunguliwa, hakikuigusa. Hadi asubuhi ya leo, nilipokitazama, hakijaigusa.